Anayekuita Ana Haja Yake: Ujerumani na Mafundi Inaowatafuta

Mwaka 1964 Ujerumani, Mashariki na Magharibi kwa pamoja, ilipata watoto zaidi ya milioni 1.3. Haijazaa tena kiasi hicho. Mwaka 2011 waliozaliwa hawakufika 670,000, yaani nusu tu. Sasa chukua 1964 ujumlishe 67, umri wa kustaafu kwa sheria ya huko, unapata 2031. Mabomba, mashine za viwandani, vitanda vya hospitali na usukani wa mabasi vinaachwa na watu wengi kwa mpigo, na walio nyuma yao ni wachache mno kuvishika.

Nimeanza na hesabu ya uzazi kwa makusudi. Matangazo ya kazi za Ujerumani yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp huanza na mshahara. Yangeanza na hesabu hii, msomaji angejua amesimama wapi: anayemwita hamfanyii hisani, ana haja yake. Taasisi ya utafiti wa ajira ya huko, IAB, imesema kwa miaka kwamba nchi inahitaji nyongeza ya wahamiaji wapatao 400,000 kila mwaka ili nguvu kazi isipungue. Hiyo ni nyongeza baada ya kutoa wanaoondoka. Weka kidole hapo kwenye wanaoondoka, tutaparudia.

Si mara ya kwanza Ujerumani kuita watu. Ile ya Magharibi ilitia saini mkataba na Italia mwaka 1955, na Uturuki mwaka 1961, kisha ikafunga mlango Novemba 1973 bei ya mafuta ilipopaa. Mkataba wa Uturuki hapo mwanzo ulimpa mtu miaka miwili: aje, afanye kazi, arudi kwao, aje mwingine. Wenye viwanda hawakuupenda utaratibu huo hata kidogo. Mtu ameshaizoea mashine, ameshaelewa msimamizi anasema nini, ndipo anafungashiwa virago na kuletewa mgeni wa kufundishwa upya. Kikomo hicho kiliondolewa mwaka 1964. Kuvuta watu na kubakiza watu ni kazi mbili tofauti, na Wajerumani waliligundua hilo kupitia hasara za kiwandani.

Upande wa Mashariki mambo yalikuwa machungu zaidi. Kuanzia 1979 vijana wa Msumbiji walipelekwa viwandani huko kwa makubaliano ya serikali mbili. Sehemu ya mshahara wao ilikatwa kila mwezi kwa ahadi kwamba wangelipwa wakirejea nyumbani. Ukuta wa Berlin ukaanguka, wengi wakarudishwa, na fedha zile hawakuziona kama walivyoahidiwa. Maputo huwaita Madgermanes, na kwa miongo wameandamana barabarani, baadhi yao na bendera ya Ujerumani mkononi. Ukisikia leo kwamba rais wako na kansela wao wametia saini, wakumbuke hao. Mkataba wa serikali mbili si mkataba wako. Wako ni ule wenye jina lako na jina la mwajiri.

Tuingie kwenye sheria ya sasa ya kuita wafanyakazi wenye ujuzi. Ilianza kutumika Machi 2020 na ikalegezwa kwa awamu kati ya Novemba 2023 na Juni 2024. Njia zake ni nyingi, ila kwa msomaji wa huku tatu ndizo za kuangalia.

Kwa mwenye shahada na ofa ya kazi yenye mshahara mnene kuna Kadi ya Buluu ya Ulaya. Kwa mwaka 2025 kiwango cha chini kilikuwa euro 48,300 kwa mwaka kabla ya makato, na euro 43,759.80 kwa kazi zenye upungufu wa watu na kwa waliohitimu karibuni. Vijana wa kompyuta wa Nairobi na Dar es Salaam wana mwanya wao humo: mwenye uzoefu wa miaka mitatu kwenye fani anaweza kuipata hata bila shahada, alimradi mshahara ufike kile kiwango cha pili. Viwango hivi hubadilishwa kila Januari. Usitumie vya mwaka jana.

Njia ya pili ni ya mwenye cheti cha ufundi au taaluma ambacho Ujerumani imekitambua kuwa sawa na chake, na ana mwajiri. Hapo ndipo wapo manesi, na nitawarudia kwa urefu.

Ya tatu imeanza Juni 2024 na inaitwa Kadi ya Fursa. Ubalozini utaisikia kwa jina la Chancenkarte. Hii haidai ofa ya kazi. Inakupa hadi mwaka mmoja uingie, utafute mwenyewe, na wakati unatafuta uruhusiwe vibarua vya saa 20 kwa wiki. Asiye na cheti kilichotambuliwa kikamilifu huko huingia kwa pointi, na zinazotakiwa ni sita.

Tuchukue fundi umeme wa Tanga mwenye miaka 31, tumkalishe mezani na kalamu. Ana stashahada ya miaka mitatu kutoka chuo kinachotambuliwa na serikali. Hilo ni sharti la mlangoni hata kabla ya pointi: mafunzo yasiyopungua miaka miwili, yanayotambuliwa nchini yalikotolewa, na kwa cheti cha ufundi, uthibitisho wa ofisi ya Ujerumani inayokagua elimu ya nje, ZAB. Kozi ya miezi sita, hata ikiwa nzuri namna gani, haipiti. Sharti lingine la mlangoni ni lugha: Kijerumani ngazi ya A1 au Kiingereza ngazi ya B2, kwa cheti cha mtihani. Kusema tu kwamba ulisoma kwa Kiingereza sekondari hakukufikishi popote.

Sasa pointi. Hajafika 35: pointi 2. Amefanya kazi ya fani yake miaka mitano ndani ya saba iliyopita: pointi 3. Jumla 5. Imebaki moja. Angekuwa na mke anayetimiza masharti na wakaomba pamoja, ingepatikana. Fani yake ikiwa kwenye orodha ya kazi zenye upungufu, inapatikana. Akishindwa kote huko, anakaa darasani mpaka ngazi ya A2 ya Kijerumani, nayo ni pointi 1. B1 ingempa 2, B2 ingempa 3. Ndiyo maana nasema ada ya darasa la lugha ndiyo fedha ya kwanza kutoka mfukoni, kabla ya wakala, kabla ya tiketi, kabla ya koti la baridi.

Kisha kinakuja kisiki. Fundi wetu aonyeshe anaweza kujilisha muda wote wa kutafuta kazi: kwa mwaka 2025, euro 1,091 kwa kila mwezi, yaani euro 13,092 kwa mwaka, kwa kawaida zikiwa zimefungwa kwenye akaunti maalumu anayoruhusiwa kuchota kidogo kidogo. Kwa shilingi za Tanzania ni mamilioni thelathini na kitu. Ipo nafuu: mkataba wa kibarua alioupata kabla ya kuondoka unaweza kuhesabiwa, au mtu aliyeko Ujerumani akamwekea dhamana rasmi. Hata hivyo, ukiniuliza mimi, kadi hii imetungwa na mtu ambaye hajawahi kuomba viza akiwa Tanga. Kwa mwenye akiba ni njia nzuri. Kwa asiye na akiba, kukopa kwa riba ili kufungia fedha benki, kisha kwenda kutafuta kazi isiyo na uhakika, ni kucheza kamari na kiwanja cha familia. Afadhali atafute mkataba akiwa nyumbani.

Na manesi? Hao ndio wanaotafutwa kuliko wote, na hao ndio wanaokutana na karatasi nyingi kuliko wote. Uuguzi huko ni taaluma inayolindwa kwa leseni, na leseni hutolewa na ofisi ya jimbo. Majimbo yako 16. Ofisi hiyo inachukua matokeo yako ya chuo na kuyalinganisha na mtaala wao somo kwa somo, saa kwa saa. Kwa hiyo kabla hujaondoka dai chuoni kwako orodha ya masomo yenye idadi ya saa za darasani na za wodini, iliyogongwa muhuri. Karatasi hiyo ukiikumbuka ukiwa tayari uko Stuttgart, utamsumbua ndugu yako apande basi kwenda kuifuatilia, na msajili atakuwa likizo.

Mara nyingi jibu huja kama barua inayotaja mapengo. Hapo unachagua: kozi ya kuziba pengo kazini, au mtihani wa kupima maarifa. Wakati unasubiri unafanya kazi kama msaidizi wa muuguzi, na mshahara ni wa msaidizi. Tangu Machi 2024 upo utaratibu wa kuingia kwanza, kufanya kazi, na kukamilisha utambuzi ukiwa huko, mradi mwajiri akubali na Kijerumani chako kimefika angalau A2. Kwa leseni yenyewe kwa kawaida ni B2. B2 si lugha ya kuombea chumvi. Ni lugha ya kupokea zamu usiku, mgonjwa ana homa, na mwenzako anaongea haraka kwa lafudhi ya Bavaria.

Jambo moja huwashangaza wengi na mawakala hawalisemi. Nesi wa Kisumu au Mbeya amezoea kutafuta mshipa, kuweka dripu, kushona, hata kuzalisha. Kuogesha na kulisha mgonjwa kwetu mara nyingi ni kazi ya ndugu aliyelala chini ya kitanda. Huko ndugu hawalali wodini. Kuosha, kugeuza, kulisha, kubadilisha nguo ni kazi ya muuguzi, na mambo ya mshipa hospitali nyingi huachiwa daktari. Wapo wanaojihisi wameshushwa cheo. Si kwamba umedharauliwa, ndivyo kazi ilivyogawanywa huko. Lakini ujue mapema, maana mtu akiligundua wiki ya kwanza, mbali na kwao, katikati ya Januari, huwa linauma.

Kuhusu mawakala, nchi hazifanani. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na katika ile ya 2023 zimo Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Kenya haimo. Sheria ya Ujerumani inakataza wakala binafsi kwenda kukusanya wahudumu wa afya katika nchi za orodha hiyo. Nesi wa Tanzania anayeomba mwenyewe, kwa hiari yake, hajavunja chochote. Ila akija mtu mtaani kwake Temeke anasema ni wakala wa hospitali za Ujerumani na anataka shilingi milioni kadhaa za kufungulia faili, ajue anaongea na mtu gani. Tanzania uliza kwa ofisi ya serikali ya huduma za ajira, TaESA. Kenya angalia kama kampuni imesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Kwa upande wao Wajerumani wana nembo ya kuajiri kwa haki katika uuguzi, na msingi wake ni kwamba gharama za kuajiri hulipwa na mwajiri. Anayekutoza wewe ameshatoka nje ya mstari huo.

Kenya ilitia saini makubaliano yake na Ujerumani Berlin tarehe 13 Septemba 2024, mbele ya Rais Ruto na Kansela Scholz. Kabla wino haujakauka ilishasambaa kwamba kuna nafasi 250,000. Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ikakanusha: makubaliano hayana idadi yoyote. Yana utaratibu wa kurahisisha viza na utambuzi wa vyeti, na yana pia kipengele cha kuwarudisha Wakenya wasio na haki ya kukaa. Kilichoonekana kwa macho wakati huo ni kidogo na ni cha kweli: madereva watano wa basi kutoka Kenya walipokelewa katika mji wa Flensburg, kaskazini kabisa, karibu na mpaka wa Denmark. Watano. Mimi hiyo idadi inanipa imani kuliko ile robo milioni.

Ukipata mkataba, usitie saini siku hiyohiyo. Tafuta mambo matatu. Kwanza, je, kuna kifungu kinachokudai ulipe gharama za kuletwa ukiacha kazi kabla ya miaka kadhaa? Vifungu hivi vipo, hasa kwa manesi, na vimewafunga watu kwa waajiri wabaya. Vingine havisimami mahakamani, lakini hilo utalijua ukiuliza. Mtandao wa ushauri uitwao Faire Integration huwashauri wafanyakazi wa kigeni bure kuhusu haki za kazi. Pili, mshahara wa kipindi cha kusubiri leseni ni upi, na wa baada ya leseni ni upi, yote yaandikwe. Tatu, nyumba. Mwajiri akikupa chumba, kodi yake ni kiasi gani, na ukiacha kazi unapewa siku ngapi kuhama?

Tufanye hesabu ya mfukoni kwa viwango vya 2025. Mshahara wa euro 3,000 kwa mwezi, mtu mmoja, hana mtoto. Pensheni inachukua 279, yaani nusu ya asilimia 18.6, nusu nyingine anabeba mwajiri. Bima ya afya inachukua euro mia mbili hamsini na zaidi kidogo. Bima ya matunzo ya uzeeni karibu 72, bima ya kukosa kazi 39. Kisha kodi ya mapato. Mkononi anabaki na kama euro 2,050. Hapo bado kodi ya nyumba, umeme, usafiri. Ukimwambia mama nyumbani kwamba unalipwa elfu tatu, mama atapanga kwa elfu tatu. Mwambie elfu mbili, na hata hiyo uipunguze.

Sasa turudi kwa wale wanaoondoka. Uchunguzi wa IAB uliotolewa 2025 ulikuta kwamba takriban robo ya wahamiaji waliohojiwa walikuwa wamefikiria kuhama Ujerumani katika mwaka uliotangulia. Sababu walizotaja ni pamoja na kodi, urasimu na hali ya siasa. Hilo la mwisho msomaji alipime kwa uzito wake: katika uchaguzi wa Februari 2025 chama cha AfD, chenye msimamo mkali dhidi ya wahamiaji, kilipata asilimia 20.8 ya kura. Serikali inaweza kuandika sheria nzuri ya kukuita, kisha ukakutana na jirani asiyeitaka. Na sheria yenyewe hugeuka. Juni 2024 muda wa kuomba uraia ulipunguzwa kutoka miaka 8 hadi 5, na uraia wa nchi mbili ukakubaliwa. Wanaojitahidi sana waliwekewa njia ya mkato ya miaka 3. Njia hiyo ya mkato ilifutwa mwaka uliofuata. (Kwa Mkenya uraia pacha hauna shida kwa Katiba ya 2010. Mtanzania mtu mzima akichukua uraia mwingine anapoteza wa kwao, kwa hiyo afikiri mara mbili.)

Hata hivyo nchi hiyo imejifunza kitu tangu ile miaka miwili ya Waturuki. Mwenza wako akija anaruhusiwa kufanya kazi. Mtaalamu aliyepata kibali chake cha kwanza kuanzia Machi 2024 anaweza hata kuomba kuleta wazazi wake, ingawa kumtafutia mzee bima ya afya ni mtihani peke yake. Kibali cha kudumu kinapatikana baada ya miaka 3 kwa fundi au muuguzi aliyetambuliwa, na baada ya miezi 27 kwa mwenye Kadi ya Buluu, au 21 Kijerumani chake kikifika B1. Ofisi za wageni kwenye miji mikubwa zimeelemewa, miadi hukawia miezi. Omba kurefusha kibali kabla hakijaisha. Ukishaomba kwa wakati, kile cha zamani kinaendelea kuhesabika mpaka wajibu, na utapewa karatasi ya muda ya kumwonyesha mwajiri. Aliyechelewa siku moja hana kinga hiyo.

Na huku nyumbani tunaowasomesha watu hawa tunafanya nini? Kenya mwaka 2018 ilileta madaktari bingwa wapatao 100 kutoka Cuba, mpango uliomalizwa 2023, na mwaka 2024 madaktari wake wenyewe wakagoma siku 56, moja ya hoja ikiwa malipo ya madaktari wanagenzi: mkataba uliahidi shilingi 206,000, serikali ikataka kuwapa 70,000. Daktari aliyesomeshwa miaka sita akiona hivyo, hahitaji wakala wa kumshawishi. Fedha zinazotumwa na Wakenya walio nje, karibu dola bilioni 4.9 mwaka 2024, ni neema kweli, ila hazishiki zamu ya usiku Turkana.

Mwisho ni suala la kurudi, maana si wote wanaokwenda kukaa. Ile euro 279 ya kila mwezi haijapotea. Anayeondoka na kuishi nje ya Umoja wa Ulaya, akiwa raia wa nchi kama Kenya au Tanzania, anaweza baada ya miezi 24 kudai arudishiwe michango yake, ile nusu yake, si nusu ya mwajiri. Aliyechangia miaka mitano ana haki ya pensheni ya uzeeni, nayo inalipwa hata ukiwa Voi au Muheza. Ukichukua marejesho, haki hiyo inafutika yote. Kwa hiyo kila barua ya mfuko wa pensheni yenye namba yako usiitupe, hata kama huelewi neno lililoandikwa humo. Iweke kwenye bahasha moja na pasipoti.